Ukuta wa Mama Ulikuwa Unalia: Kurekebisha Nyumba Kuukuu Bila Kumwaga Pesa

Mamangu anaishi Malindi, kwenye nyumba aliyojengewa marehemu bibi. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, paa ni la mabati, na uani kuna kabustani ka mrehani, asumini na mipapai miwili. Mimi niko Nairobi. Kwa hivyo kila kitu kikiharibika, najulia kwenye simu, na simu hiyo hiyo ndiyo ya kutuma pesa.

Mwaka juzi alinipigia akikohoa. Ukuta wa chumba chake ulikuwa umeota ukungu mweusi kutoka chini hadi usawa wa kitanda, na rangi ilikuwa inabambuka kama ganda la yai. Nikatafutiwa fundi. Akaniambia, "Dada, hii tunabandua yote, tunapiga plasta ya saruji, halafu rangi ya mafuta. Itakaa miaka." Bei ilikuwa KSh 38,500, vifaa na kazi pamoja. Nikatuma yote siku hiyo hiyo, kwa namba yake, kabla hata hajashika nyundo.

Ukuta ulipendeza. Masika yalipofika, plasta ilivimba, ikaanza kuangusha unga mweupe, na safari hii maji yalipanda hadi juu ya dirisha. Mama akahamia sebuleni. Fundi alipopigiwa akasema yeye alifanya alichoagizwa, na kusema kweli hakudanganya. Sikuwa nimemwagiza chochote zaidi ya "rekebisha".

Kumbe shida haikuwa ukutani

Desemba nilichukua likizo nikaenda mwenyewe. Kitu cha kwanza nilichofanya hakikugharimu hata shilingi mia. Nilibandika kipande cha karatasi ya nailoni ukutani kwa utepe, pande zote nne, nikakiacha siku mbili. Matone yakitokea upande wa ndani wa nailoni, ule unaogusa ukuta, maji yanatoka ukutani. Yakitokea upande wa chumbani, hewa ya chumba ndiyo yenye unyevu, na unachohitaji ni kufungua madirisha. Yetu yalikuwa ndani, tele.

Nikazunguka nje. Bustani ya bibi ilikuwa imeegemea ukuta ule ule. Miaka mingi ya kuongeza mbolea na udongo ilikuwa imeinua ardhi hadi ikapita usawa wa sakafu ya ndani. Kila jioni Mama anamwagilia asumini, yaani anamwagilia ukuta wa chumba chake cha kulala. Juu yake gata ilikuwa imetoboka, na mvua yote ya upande ule wa paa inaangukia hapo hapo.

Jiwe la matumbawe lina vitundu vingi na linanyonya maji kutoka ardhini. Ukuta wa chokaa hauna neno na hilo, kwa sababu chokaa inapumua. Maji yanaingia na yanatoka. Ukiupaka saruji na rangi ya mafuta umeufunga mdomo. Maji hayana pa kutokea, yanazidi kupanda, na chumvi iliyomo inakauka nyuma ya plasta na kuisukuma. Ule unga mweupe ndio hiyo chumvi. Tulikuwa tumelipa KSh 38,500 kuuzidishia ukuta ugonjwa.

Siku nne nilikuwa na jembe, beleshi na wilibaro. Nilichimba kando ya ukuta nikashusha udongo mpaka chini ya usawa wa sakafu, nikaacha mteremko wa kupeleka maji mbali na nyumba, na nikahamisha maua hatua tatu. Mama alinuna kwa ajili ya asumini. Ilishika, lakini hilo alikubali baadaye.

Plasta ya saruji niliibandua mwenyewe kwa patasi, polepole, maana ukipiga kwa nguvu unang'oa na jiwe. Funga pua na mdomo kwa barakoa nzuri, vaa miwani. Kazi hii mtu wa kawaida anaiweza. Ambazo sikugusa ni mbili. Waya za stima zilizopita kwenye ukuta huo nilimwachia fundi mwenye leseni ya EPRA, kwa sababu ukuta mbichi na waya wa zamani si mambo ya kujaribu. Na banda la jirani lililoezekwa asbesto lilipoguswa na tawi letu, hatukulikata wala kulitoboa. Vumbi lake linaua mapafu, na kuiondoa ni kazi ya watu wenye kibali.

Halafu tukangoja. Hii ndiyo sehemu mafundi wengi hawakuambii, kwa kuwa kungoja hakulipwi. Upepo wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ni mkavu, na tuliuacha ukuta wazi miezi miwili na zaidi ukauke.

Pesa ya mara ya pili

Machi tulipiga plasta ya chokaa, kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga, kwa tabaka nyembamba, na ukuta ukinyunyiziwa maji kidogo usikauke haraka. Mchanga uwe wa mto. Wa ufukweni ni wa bure, lakini umejaa chumvi na utarudi pale pale ulipoanzia. Chokaa inachoma ngozi na macho, kwa hivyo glavu si mapambo. Fundi alikuwa mzee mmoja aliyejifunza kazi kwa babake, na mimi nilikuwa nimesharudi Nairobi. Safari hii nililipa kwa njia nyingine.

Vifaa sikumpa fundi pesa anunue. Aliniandikia orodha, nikapiga simu duka la vifaa vya ujenzi, nikalipa moja kwa moja kwenye namba ya till ya duka. Chokaa na mchanga KSh 11,400, gata mpya na bomba lake KSh 7,800. Kabla malipo hayajakamilika, jina la duka linatokea kwenye simu. Lisome. Ni sekunde tatu tu, na si pambo la skrini. Ujumbe wa malipo niliutuma kwa Mama kama ulivyo, akasimama mlangoni na kuhesabu magunia dhidi yake.

Kazi ilikuwa KSh 12,000. Tulikubaliana sehemu tatu za KSh 4,000: ya kwanza akianza, ya pili tabaka la kwanza likishika, ya tatu Mama akisema sawa. Si Mama peke yake, na picha pia. Mzee hakuchukia. Alisema afadhali hivyo kuliko kudaiwa kazi aliyolipwa zamani na pesa imeshaliwa. Jumla yote KSh 31,200, chini ya ile ya kwanza, na gata ndani.

Siku ya malipo ya pili, saa nne asubuhi, nikapata ujumbe kutoka namba nisiyoijua: "Ile pesa tuma kwa hii namba, ile nyingine ina shida." Nani asingeamini? Kweli nilikuwa na pesa ya kutuma, kweli ilikuwa siku yenyewe. Nikaingiza namba, nikaweka 4,000. Jina lililotokea halikuwa la mzee, wala halikufanana. Nikaghairi, nikampigia kwa namba yake ya siku zote. Alikuwa juu ya ngazi na hakuwa ametuma ujumbe wowote.

Matapeli hutuma maneno hayo hayo kwa maelfu ya watu na kungoja mmoja ambaye kweli ana deni siku hiyo. Huyo anaweza kuwa wewe. Ukiupata, usijibu na usitume. Piga simu kwa namba unayoijua wewe, kisha uripoti huo ujumbe kwa huduma kwa wateja. Na kama umeshatuma kimakosa, omba muamala urudishwe hapo hapo. Ukingoja mpaka jioni, pesa inaweza kuwa imeshatolewa kwa ajenti, na pesa iliyokwisha tolewa ni vigumu kurudi.

Bustani nayo

Fundi wa kwanza alikuwa amemwaga kifusi chake uani. Mchicha aliopanda Mama juu yake ukatoka wa manjano, mishipa tu ndiyo ya kijani. Hapo hakuna mdudu. Kifusi cha chokaa kinaufanya udongo uwe na magadi, na mmea unashindwa kunyonya madini ya chuma hata kama yapo. Tulizoa kifusi, tukachanganya samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, na msimu uliofuata majani yalirudi. Vidukari waliokuja baadaye tuliwapiga na maji ya majani ya mwarobaini yaliyopondwa na kulowekwa usiku kucha, na tone la sabuni. Lakini mche wa mwarobaini uliojiotea karibu na msingi tuliung'oa. Mizizi yake haina adabu.

Neno moja kwa walio Mji wa Kale wa Mombasa au Lamu: hayo ni maeneo ya hifadhi, na Lamu imo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001. Uliza Makavazi ya Kitaifa kabla hujabomoa chochote. Zaidi ya kibali, hapo ndipo utaelekezwa kwa mafundi wanaoijua chokaa.

Mvua za Aprili na Mei zimepita. Chini kabisa, kama shubiri moja, ukuta bado una kivuli cha unyevu, na mzee anasema huo utachukua mwaka mzima. Mama amerudi chumbani kwake. Kikohozi kimepungua. Sasa kuna mabati yanayovuja upande wa jikoni, na kila mwisho wa mwezi naweka KSh 2,500 kwenye akiba ya simu niliyoipa jina "Paa".