Mtoto wa Askari Anapochagua Elimu ya Jamii

Matokeo ya kidato cha sita yatokapo nchini Uganda, katika nyumba nyingi za kambini huanza mazungumzo yasiyolala. Baba aliyeweka akiba kwa miaka mingi katika chama cha ushirika cha askari hutaka mwanawe asome udaktari, uhandisi au, kama hapana budi, uhasibu. Mtoto naye, aliyefanya mtihani wa historia, jiografia na uchumi, husema ataka kusoma sosholojia, yaani elimu ya jamii.

"Ukimaliza utakuwa nani?" huuliza baba. Aghalabu mtoto hukosa jibu, kwa kuwa daktari ana koti lake jeupe na mhandisi ana kofia yake, bali msomi wa elimu ya jamii hana vazi la kumtambulisha.

Swali la baba ni la haki. Mfuko wa serikali wa kuwakopesha wanafunzi wa vyuo, ulioanza mwaka 2014, uliwatanguliza wa masomo ya sayansi. Mwaka 2022 mshahara wa walimu wa sayansi wenye shahada ulipopandishwa hadi shilingi milioni nne kwa mwezi, wenzao wa sanaa waliachwa nyuma, na wengi wao wakagoma. Mzazi asitaye kukopa kwa ajili ya ada ya sosholojia hasiti kwa ujinga.

Hata hivyo yafaa aijue elimu yenyewe kabla ya kuikataa. Sosholojia huuliza kwa nini watu wakiwa pamoja hutenda mambo ambayo kila mmoja peke yake asingeyatenda, na hutafuta jibu kwa kuhoji, kuhesabu na kushuhudia, si kwa kukisia. Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis, aliandika mwaka 1377 juu ya mshikamano unaowapa watu wa jangwani nguvu ya kuangusha falme, na jinsi unavyolegea wakishastarehe mijini. Jina la sosholojia lilienezwa baadaye sana na Mfaransa Auguste Comte, katika karne ya 19.

Askari ataielewa upesi zaidi kwa mfano wa jeshi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, jeshi la Marekani liliwatumia wataalamu, wakiongozwa na Samuel Stouffer, kuwahoji askari wake. Waliohojiwa walizidi nusu milioni, na matokeo yalichapishwa mwaka 1949. Katika jeshi la anga vyeo vilipanda haraka. Kwa polisi wa jeshi vilikuja kwa nadra. Afande yeyote angedhani kwamba manung'uniko yangetoka kwa polisi wa jeshi. Ikawa kinyume: walionung'unikia zaidi upandishaji vyeo walikuwa wale wa anga. Maelezo yake ni kuwa mtu hajipimi kwa askari wa kikosi cha mbali asiyemwona, bali kwa yule aliyeandikishwa naye siku moja. Pale wengi wapandapo, abakiye hujiona ameonewa. Pale karibu wote wabakiapo, hakuna wa kumwonea kijicho. Mama wa kambini alikwisha kuyajua haya siku jirani yake aliponunua friji. Tofauti ni kwamba wataalamu waliyapima.

Katika Uganda kazi ya namna hiyo si ngeni. Miaka ya 1950, taasisi ya utafiti wa jamii iliyokuwa Makerere, chini ya Audrey Richards, ilichunguza maisha ya vibarua waliotoka Rwanda na Burundi kuja kulima mashamba ya Buganda. Tena mwaka 1986, maofisa 60 wa jeshi la Uganda walipopelekwa Cuba kwa mafunzo, 18 walionekana kuwa na virusi vya UKIMWI. Maabara iliweza kuvionyesha virusi. Haikuweza kueleza ni nani hulala mbali na mkewe, kwa muda gani, na akipokea mshahara huelekea wapi. Na bila majibu hayo hakuna kinga iliyoweza kupangwa.

Kazi zipo, ingawa si nyingi kama wahitimu. Wilaya huajiri maofisa wa maendeleo ya jamii. Polisi wanayo idara ya kulinda watoto na familia. Mashirika yanayohudumia wakimbizi, ambao nchini humo wamezidi milioni moja, huhitaji watu wa kuhoji na kuandika ripoti. Hata jeshi, lililopeleka askari Somalia tangu mwaka 2007, lilikuta huko koo ambazo asiyezifahamu hupoteza watu bure. Naye Eduardo Mondlane, aliyeiongoza FRELIMO kutoka 1962 mpaka alipouawa kwa bomu Dar es Salaam mwaka 1969, alikuwa na shahada ya udaktari wa sosholojia. Si kila asomaye atakuwa Mondlane.

Hatari kubwa ni kijana anayeichagua sosholojia kwa kuwa ameikimbia hesabu. Huyo atakutana nayo tena chuoni, kwa jina la takwimu, na akiikwepa atatoka na shahada isiyo na makali. Ajifunze takwimu na programu za kompyuta zinazotumika kuzichambua, kama SPSS au Stata. Tena asichanganye sosholojia na ustawi wa jamii, ambao Makerere una idara yake yenyewe: huo humwandaa mtu kuwahudumia wenye shida ana kwa ana, na kwa kijana mwingine huenda ndio ukawa chaguo bora.

Baba na mtoto wakisha kukubaliana, hesabu ya nyumbani isiishie kwenye ada na chakula. Ziwekwe kando fedha za mwaka wa tatu, mwanafunzi anapokwenda vijijini kukusanya habari za utafiti wake: nauli, malazi, kunakili karatasi za maswali, na jozi ya viatu vya kutembelea.