Parole: Kutoka Mifano ya Yesu hadi Lango la Gereza

Wengi wetu tumesikia kwamba mfungwa fulani ametoka kwa parole. Tanzania ina Sheria ya Bodi za Parole tangu mwaka 1994. Kwa mpango huo, mfungwa aliyetumikia sehemu ya kifungo chake na kuonyesha mwenendo mwema humalizia kifungo hicho nje ya gereza, chini ya masharti. Lakini neno lenyewe halikuzaliwa mahakamani.

Ni la Kifaransa, na maana yake ni "neno" tu. Ukisali Misa ya Kifaransa utamsikia msomaji akimaliza somo kwa "Parole du Seigneur", pale sisi tunaposema "Neno la Bwana". Limetokana na parabola la Kilatini, nalo lilitoka katika Kigiriki: kuweka kitu kando ya kingine ili vilinganishwe. Ndilo neno la Injili kwa mifano ya Yesu, kama ule wa mpanzi (Mt 13).

Mfano uligeukaje kuwa neno? Kilatini kilikuwa tayari na verbum. Wataalamu wengi wa lugha hueleza kwamba Wakristo walilitenga verbum kwa ajili ya Neno aliyetwaa mwili (Yn 1:14), wakasita kulitumia kwa maongezi ya sokoni. Parabola, lililozoeleka kanisani, likashika nafasi yake. Ndiyo maana Waitaliano husema parola, Wahispania palabra, Wareno palavra. Hata parloir, chumba cha maongezi katika monasteri zinazoshika kimya, ni cha ukoo huo huo.

Waingereza waliliazima neno hili katika karne ya 17, kwa mambo ya vita. Mateka aliyetoa parole d'honneur, yaani neno la heshima, kwamba hatatoroka wala hatashika tena silaha, aliachiwa. Dhamana yake ilikuwa kauli yake mwenyewe. Baadaye magereza yakalichukua.

Kwa hiyo anayerudi jumuiyani kwa parole hajatoroka, wala hajafutiwa kifungo. Ameahidi, na serikali imekubali ahadi yake. Sisi je? Mara nyingi hunyimwa hata kibarua cha kulima, na kanisani benchi lake hubaki na nafasi tele, Jumapili ile ile tuliyoitikia "Tumshukuru Mungu" baada ya Neno la Bwana.