Robo Si Mgao wa Kila Ganda

Kosa linalojirudia mara nyingi katika urithi wa mimea ni kudhani kwamba uwiano wa 3 kwa 1 ni mgao: kwamba kila njegere nne za mmea chotara, wenye jeni moja ya manjano na moja ya kijani, lazima ziwe tatu za manjano na moja ya kijani. Wengine husema kwamba zikitangulia tatu za manjano, ya nne inadaiwa ukijani. Huo ni ushirikina wa mcheza kamari. Mbegu haijui iliyotangulia imepata nini. Kila moja huchukua jeni moja kwenye chavua na moja kwenye yai, na nafasi yake ya kuwa ya kijani ni robo, basi. Ndiyo maana ukichukua mbegu nne, mgao huo hutokea kwa asilimia 42 tu.

Uwiano hujitokeza penye wingi. Gregor Mendel, mtawa wa Brno, alichapisha mwaka 1866 hesabu ya mbegu 8,023: za manjano 6,022, za kijani 2,001.

Tofauti kiasi gani ivumiliwe? Mwanatakwimu Karl Pearson alitoa kipimo mwaka 1900, jaribio la kai-mraba. Kwa kila kundi, tafuta tofauti kati ya idadi iliyopatikana na iliyotarajiwa, izidishe kwa yenyewe, igawe kwa iliyotarajiwa, kisha jumlisha. Kwa makundi mawili, bahati peke yake huvuka 3.84 mara 5 tu katika 100. Mbegu za Mendel zinatoa 0.015.

Kipimo hicho kinafaa pia kwa jaribio jingine la Mendel, la rangi ya maganda.

Katika maganda mabichi, kijani ndiyo rangi tawala, yaani ndiyo inayoonekana hata kwa chotara. Mimea ya kizazi cha pili yenye maganda ya kijani hufanana kwa macho, ingawa thuluthi moja ni halisi, yenye jeni zote mbili za kijani, na thuluthi mbili ni chotara. Mendel alichukua mimea 100, akapanda mbegu 10 za kila mmoja. Mmea ambao watoto wake wote walizaa maganda ya kijani aliuhesabu halisi. Akapata chotara 60, halisi 40. Aliona zimeachana mno na 67 kwa 33, akarudia: 65 kwa 35. Matokeo yote mawili aliyachapisha.

Hakuhitaji kurudia! Kai-mraba ya 60 kwa 40 ni 2.0. Isitoshe, mwaka 1936 mwanatakwimu R. A. Fisher alionyesha kwamba watoto 10 hawatoshi: chotara ana nafasi ya asilimia 5.6 ya kuzaa wote 10 wenye sifa tawala, akahesabiwa halisi kimakosa. Kwa hiyo matarajio sahihi yalikuwa kama 63 kwa 37, na ile 60 iliyomtia Mendel shaka iko karibu zaidi na 63 kuliko na 67. Kai-mraba inayakubali matarajio yote mawili, kwa sababu mimea 100 ni michache mno kuyatenganisha. Angepanda mbegu 20 kwa kila mmea, kosa hilo lingeshuka hadi asilimia 0.3.