Kiendeshi Kimoja, Vifurushi Vingi: Matumizi ya Pamoja ya Kipokezi cha GPS katika Boti za Ziwa Victoria

Makala haya yanaeleza namna kiendeshi cha kifaa kimoja kinavyoweza kutumiwa na vifurushi kadhaa vya programu pachikwa, yaani programu zilizotiwa ndani ya chombo ili kukiongoza. Kiendeshi ni ile sehemu ya programu inayowasiliana na kifaa moja kwa moja. Kifurushi ni mkusanyo wa programu unaotimiza kazi mahususi. Hoja inayotetewa ni kwamba kiendeshi kisimilikiwe na kifurushi chochote kati ya vile vinavyokihitaji.

Mfano unaofaa unapatikana Mwanza. Tangu 1999 taasisi za utafiti wa samaki za Tanzania, Kenya na Uganda, TAFIRI ikiwamo, zimekuwa zikikadiria wingi wa sangara katika Ziwa Victoria kwa kutumia mwangwi wa sauti. Mwangwi uliorekodiwa hauna thamani usipoambatanishwa na mahali ulipochukuliwa, hivyo boti huhitaji kipokezi cha GPS. Ichukuliwe boti ambamo kompyuta moja ndogo imebeba vifurushi vitatu: kimoja huchora njia ya boti kati ya miamba ya Ghuba ya Mwanza, cha pili huandika mahali pa kila mwangwi, cha tatu hutuma wito wa dharura. Vyote vinategemea kipokezi kilekile.

Vipokezi vingi vya majini hufuata kanuni ya NMEA 0183, kwa kasi ya kawaida ya biti 4800 kwa sekunde. Taarifa huja katika mafungu yasiyozidi herufi 82, ambayo wahandisi wenyewe huyaita sentensi (jina ambalo mwanaisimu hana sababu ya kulikataa, kwani yana mwanzo, mpangilio wa viambajengo na alama ya kikomo). Herufi zikifika husubiri katika hifadhi ndogo ya muda. Ikisomwa, herufi huondoka humo. Hapa ndipo lilipo chimbuko la tatizo. Vifurushi viwili vikisoma mlango mmoja, kila kimoja huambulia vipande vya sentensi. Kifurushi makini hukagua tarakimu zinazofuata alama ya nyota, hugundua upungufu na kuitupa sentensi nzima. Boti basi haijui iliko. Kifurushi kisicho makini huendelea na kazi. Mwanza iko takriban nyuzi 2 na dakika 31 kusini mwa Ikweta. Herufi S ikipotea, na programu ikachukulia kuwa ni kaskazini, boti itaonekana iko nchi kavu, kaskazini ya mji wa Lira, Uganda. Wito wa dharura wa namna hiyo ni afadhali usingetumwa.

Kukipa kila kifurushi nakala yake ya kiendeshi hakusaidii: nakala ni mbili, kifaa ni kimoja, na nakala ya pili ikibadili kasi ya mlango, ya kwanza hupokea takataka. Kukikabidhi kiendeshi kwa kifurushi cha mwangwi nako ni hatari, kwani siku utafiti utakapokwisha na kifurushi hicho kuondolewa, wito wa dharura utakufa pamoja nacho. Huenda jina *dereva*, linalosikika mara kwa mara, linachangia dhana ya umiliki, kwa kuwa dereva ni mtu na gari huwa mikononi mwake. *Kiendeshi*, kwa kiambishi chake ki-, hubaki katika ngeli ya ala, na ala huweza kuwa ya wote.

Kiendeshi kinachojitegemea huanzishwa mara moja tu, husoma mlango peke yake, huhifadhi sentensi kamili ya mwisho, na humpa nakala kila anayeomba. Wakati wa kunakili, kufuli huzuia sentensi isibadilishwe katikati.

Kufuli nalo lina mitego yake. Mwaka 1997 chombo cha Marekani, Mars Pathfinder, kilijiwasha upya mara kadhaa kikiwa huko Mars. Kazi ya kukusanya data za hali ya hewa, yenye kipaumbele cha chini, ilishika kufuli lililohitajiwa na kazi ya kipaumbele cha juu, huku kazi za kipaumbele cha kati zikiichelewesha ile ya chini isiliachie. Wahandisi walirekebisha kasoro hiyo wakiwa duniani, kwa kumwezesha mshika kufuli kurithi kipaumbele cha anayemsubiri. Katika boti ya Mwanza, kasoro ya aina hiyo ingeufanya wito wa dharura usubiri uandikaji wa mwangwi. Kwa sababu hiyo kufuli hushikwa kwa muda wa kunakili sentensi moja tu. Uchambuzi wake hufanywa na kila kifurushi baada ya kufuli kuachiwa.