Roboti Amegoma Kusema!

Je, umewahi kumwona roboti anayepiga stori na watoto? Huko Marekani askari wa zimamoto huwatumia kufundisha usalama shuleni. Lakini usidanganyike. Anayesema ni mtu aliyejibanza pembeni na rimoti na kipaza sauti kisicho na waya.

Sasa roboti anatembea ila yuko kimya, na watoto wanamkodolea macho. Usikimbilie bisibisi! Mawimbi yanayoendesha magurudumu siyo yanayobeba sauti, kwa hiyo tafuta kosa upande wa sauti tu. Anza na betri ya kipaza sauti, maana mara nyingi ndiyo mkosaji. Kisha hakikisha kipaza sauti na kipokezi viko kwenye masafa yaleyale. Sauti ikipiga mluzi, sogea mbali na spika. Ikikatikakatika, tazama watoto waliomzunguka: mwili una maji mengi, na maji hunyonya mawimbi ya gigahezi 2.4 yanayotumiwa na mitambo mingi ya leo. Waombe warudi nyuma.

Je, magurudumu yakikataa kutii? Hapo si mchezo, anaweza kumgonga mtoto. Mzime roboti kwanza, rimoti mwisho. Ukianza na rimoti, roboti wa zamani anaweza kudaka mawimbi ya mtu mwingine akaondoka zake.