Kioteo: Chakula na Amri katika Miche ya Mkonge

Katika wilaya za Korogwe na Handeni mkonge huongezwa kwa njia mbili za tangu zamani: kwa maotea, yaani miche ichipuayo kando ya mama, na kwa vikonyo vitokavyo juu ya mlingoti. Mlingoti huchomoza mara moja tu, kisha mmea hufa. Basi atakaye miche mingi ya mmea mmoja bora hana budi kungoja miaka. Njia ya tatu ni kukata kipande kidogo cha tishu na kukiotesha chupani.

Kilichomo chupani huelekea kuitwa chakula, na jina hilo lina ukweli wake. Mna maji, chumvi za madini, vitamini na sukari, pamoja na agaa itokayo katika mwani ili kugandisha. Kanuni ya Murashige na Skoog, iliyotolewa mwaka 1962 kwa ajili ya tumbaku, ina gramu 30 za sukari kwa lita.

Lakini mna homoni pia, nazo si chakula. Skoog na Miller walionyesha mwaka 1957 kwamba sitokinini ikizidi, tishu hutoa machipukizi. Oksini ikizidi, hutoa mizizi. Zikikaribiana, huwa donge lisilo na umbo. Chumvi ni zile zile. Kilichobadilika ni amri.

Kwa hiyo mchaguzi huanza na kanuni ijulikanayo, huijaribu katika chupa chache, kisha hubadili jambo moja moja. Kanuni ya Murashige na Skoog ina amonia nyingi; ile ya Gamborg na wenzake, ya mwaka 1968, ina kidogo. Kanuni ya kuzidisha machipukizi haifai lazima kwa kutia mizizi. Tena, miche ipitiayo hali ya donge huweza kupotoka asili yake, na kasoro hiyo huenda ikaonekana shambani baada ya miaka, gharama zikiwa zimekwisha kulipwa.

Neno "chakula" huificha hatari hiyo. Kama vile kukalia hutupa kikalio, kuotea huweza kutupa "kioteo": kitu ambacho juu yake mmea huota. Kuotea kwa maana ya kuvizia hakutaleta utata, kwani muktadha hutenga maana. Na mkulima wa mkonge hataliona neno geni, maana shina lake limo tayari katika maotea yake.