MAMA, UNAOMBA NINI HASA?

Katika vipindi vyetu vya maombi ya wanawake huwa tunafika mahali ambapo kiongozi anauliza, "Nani ana ombi?" Mikono michache hunyooka. Wa kwanza husema, "Niombeeni mimi na familia yangu." Wa pili, "Naomba Bwana anikumbuke." Wa tatu, "Mnijumuishe tu na wengine." Kisha tunainama, tunaomba kwa bidii, tunasema Amina, na kila mmoja anarudi nyumbani na mzigo wake ukiwa haujatajwa jina.

Si dhambi kuomba hivyo. Ziko siku ambazo machozi ndiyo maombi, na Maandiko yanatufundisha kwamba Roho mwenyewe hutuombea tusipojua la kusema (Warumi 8:26). Lakini mama anayeomba kwa jumla mwaka mzima, hata akiwa peke yake chumbani, anajinyima jambo kubwa. Hebu tuliangalie pamoja.

Swali ambalo Yesu aliuliza

Tunasoma katika Marko 10:46-52 habari za Bartimayo, kipofu aliyeketi kando ya njia kule Yeriko akiomba sadaka. Aliposikia kuwa Yesu anapita alipaza sauti akiomba rehema. Watu walimkemea anyamaze, naye akazidi. Lakini alipofika mbele ya Bwana, Yesu hakumponya papo hapo. Alimwuliza kwanza anataka afanyiwe nini.

Je, Yesu hakuona kwamba huyu ni kipofu? Aliona. Lakini Bartimayo alikuwa mwombaji, na mwombaji angeweza kutaka fedha za siku ile na kuridhika. Kwa swali lile alipewa nafasi ya kutaja haja yake kubwa kwa kinywa chake mwenyewe. Akasema anataka kuona.

Sisi wauguzi tunalijua swali hili. Mgonjwa akija akasema, "Mwili wote unaniuma," tunamwuliza: Unauma wapi zaidi? Tangu lini? Ukizidi ni mchana au usiku? Mara nyingi kadiri anavyojibu, ndivyo yeye mwenyewe anavyogundua kilichomleta. Alidhani ni kichwa. Kumbe ni usingizi aliokosa tangu baba wa nyumba aliposimamishwa kazi. Tofauti ni hii: muuguzi anauliza kwa sababu hajui, lakini Baba yetu anajua tunayohitaji kabla hatujamwomba (Mathayo 6:8). Maelezo yale yanatusaidia sisi wenyewe.

Ombi la wazi linatufanyia nini?

Kwanza, linatuonyesha moyo wetu. Yakobo 4:2-3 inasema wengine hawapati kwa kuwa hawaombi, na wengine huomba vibaya, kwa tamaa zao. Ukisema tu "Bwana, nibariki," huwezi kujua uko kundi gani. Lakini ukitaja kwa maneno kamili unachotaka, masikio yako yatasikia. Kama ndani ya ombi kuna wivu juu ya jirani au hasira juu ya wifi, utalisikia likitoka, nawe utapata nafasi ya kutubu kabla hujafika Amina.

Pili, linatuonyesha sehemu yetu ya kazi. Mfikirie mama mwenye shinikizo la damu. Akiomba, "Bwana, nipe afya," amesema vema. Lakini akiomba, "Bwana, nisaidie nimeze dawa zangu kila siku hata ninapojisikia vizuri, nipunguze chumvi katika mboga, na Jumanne nipate nauli ya kwenda kliniki," sasa anajua akiinuka hapo afanye nini. Shinikizo la damu huweza kukaa mwilini muda mrefu bila dalili yoyote, na wengi huacha dawa kwa sababu wanajiona wamepona. Maombi hayaondoi kidonge mezani. Vivyo hivyo mama mjamzito anayetokwa na damu, au anayeumwa kichwa sana na kuona maluweluwe, aombe akiwa njiani kwenda hospitali. Asingoje nyumbani.

Nehemia alilijua jambo hili. Alikuwa mnyweshaji wa mfalme Artashasta alipopata habari kwamba ukuta wa Yerusalemu umebomoka. Alilia, akafunga, akaomba. Miezi kama minne baadaye mfalme alimwuliza anataka nini. Nehemia akamwomba Mungu kimoyomoyo, kisha akataja haja zake moja moja: ruhusa ya kwenda, muda atakaokaa huko, barua za kupita kwa maliwali, na barua kwa Asafu, mtunza msitu wa mfalme, ili apewe miti ya malango (Nehemia 2:4-8). Mtu hupata wapi hesabu kamili kama hiyo mbele ya mfalme? Ni dhahiri alikuwa amelifikiri jambo lake siku nyingi mbele za Mungu.

Tatu, ombi la wazi hutuwezesha kulitambua jibu na kushukuru. Mama aliyeomba "utusaidie katika mambo yote" atajuaje kwamba amesaidiwa? Lakini aliyeomba mwezi wa Desemba viatu na sare za watoto wawili, akapata kwa kucheza mchezo na wenzake na kwa mkono wa shangazi asiyetarajiwa, ana ushuhuda wa kuwasimulia wanawe. George Müller, Mjerumani aliyefanya kazi Bristol, Uingereza, alifungua nyumba ya kwanza ya yatima mwaka 1836, na hadi alipofariki mwaka 1898 watoto zaidi ya 10,000 walikuwa wametunzwa. Alikuwa na desturi ya kuandika mahitaji aliyomwomba Mungu na jinsi yalivyojibiwa. Leo tunazijua habari hizo kwa sababu aliandika.

Jibu likiwa "hapana"

Hapa ndipo wengi wetu tunapoogopa. Tunaomba kwa jumla kwa sababu ombi la jumla haliwezi kukataliwa. Mama aliyengoja mtoto miaka tisa anaona afadhali aseme, "Mapenzi yako yatimizwe," akimbie, kuliko kutaja tena neno "mtoto" na kuumia tena.

Mama mpenzi, Hana alilitaja. Aliomba mtoto wa kiume kwa uchungu mwingi hata kuhani Eli akadhani amelewa (1 Samweli 1), naye akapewa Samweli. Lakini Paulo naye alitaja haja yake mara tatu, kwamba mwiba wake uondolewe, na haukuondolewa. Alichopata ni neno la Bwana kwamba neema yake inamtosha (2 Wakorintho 12:8-9). Na Bwana wetu mwenyewe pale Gethsemane alitaja wazi kwamba kikombe kimwepuke, kisha akajiweka chini ya mapenzi ya Baba. Tazama mpangilio huo: alitaja kwanza, akajikabidhi baadaye. Anayejikabidhi bila kutaja huenda amekata tamaa tu, na kukata tamaa si imani. Hata ukijibiwa "hapana", utakuwa umejibiwa wewe, kwa haja yako, na Baba anayekufahamu.

Wazi kwa Mungu, si kwa kila mtu

Jambo moja tuwe waangalifu nalo. Kutaja ombi wazi mbele za Mungu si ruhusa ya kulitaja wazi mbele ya kikundi kizima. Ziko ndoa zilizopata majeraha kwa sababu mke aliomba maombi juu ya pombe au madeni ya mumewe, na kabla ya Jumapili habari ilikuwa imefika sokoni. Hospitali tunafundishwa kutunza siri ya mgonjwa. Kikundi cha maombi nacho kiwe hivyo. Ugonjwa wa mtu mwingine usitajwe bila idhini yake. Tafuta dada mmoja au wawili wenye vifua vya kutunza neno, uombe nao.

Lakini ikiwa unapigwa nyumbani, au mtoto anaumizwa, hiyo si siri ya kufunika kwa maombi. Omba, na pia sema: kwa mchungaji unayemwamini, kwa ndugu, kituo cha afya, au dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi.

Anza hivi

Chukua daftari la kawaida. Gawa ukurasa sehemu nne: tarehe, ombi, sehemu yangu, jibu. Andika maombi matatu tu kwa kuanzia, kila moja kwa sentensi moja. Badala ya "bariki watoto", andika jina la mtoto na shida yake: "Anaogopa hesabu, na Alhamisi ana mtihani, mpe utulivu." Katika sehemu yako andika: "Nitakaa naye nusu saa kila jioni."

Kwa mume, usiandike mashtaka. "Mbadilishe huyu mwanamume" ni kesi. Andika jambo moja: "Tupate jioni moja wiki hii ya kuzungumza juu ya deni bila kugombana." Kisha sehemu yako: "Nitachagua saa ambayo hajachoka, na sitaanza na ya mwaka jana."

Kila mwisho wa mwezi fungua daftari, usome. Lililojibiwa, shukuru kwa kulitaja jina, kama ulivyoliomba. Lisilojibiwa, liombe tena, au lirekebishe kama umeona kwamba haja yako ilikuwa nyingine. Na safari ijayo kiongozi atakapouliza, "Nani ana ombi?", nyoosha mkono ukijua unachotaka kusema.

Bwana awape haja za mioyo yenu.